Kizibao Chekundu cha Otis

Tessa alimwona mbwa wake kabla hajamwona mpenzi wake, na hapo ndipo jioni ilipoanza kuharibika.

Alikuwa amesimama kwenye msongamano wa watu katika baa ya Gus Petrakis, mkoba kaukumbatia kifuani. Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, na Ijumaa za Kwaresima Milwaukee nzima hula samaki wa kukaanga, wenye dini na wasio na dini. Kwa Gus hupati meza kwa kuingia tu. Unaandikisha jina, unasimama na glasi ya brandi mkononi, unasukumwa na viwiko vya watu usiowajua, unangoja mpaka uitwe kwa kipaza sauti. Tessa hakuagiza brandi. Ndani ya mkoba wake kulikuwa na bahasha kutoka kwa daktari, na tangu aichukue mchana alikuwa akiigusagusa kila mara kama mtu aliyebeba yai.

Mlango ukafunguka, upepo wa ziwani ukaingia, na pamoja na upepo akaingia Otis.

Otis alikuwa mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia, mzee, mdomo umejaa mvi, na ukoo wake haujulikani na mtu yeyote. Siku hiyo alikuwa amevalishwa kizibao chekundu chenye maandishi meupe makubwa ubavuni: MBWA WA FARAJA. USIMGUSE. Shingoni alining'inizwa kitambulisho cha plastiki chenye picha yake, katika picha hiyo akitazama pembeni kama mshtakiwa. Nyuma yake, kamba mkononi na tabasamu la sikio hadi sikio, alikuwa Emmett Radtke.

"Umemfanya nini mbwa wangu?" Tessa aliuliza.

"Nimemhalalisha," Emmett alijibu, akambusu shavuni. "Kuanzia leo anaingia popote. Hakuna wa kumzuia."

Wa kumzuia alikuwa tayari anakuja. Gus mwenyewe, aproni imemkaza tumboni, taulo begani, alipenya katikati ya wateja wake, akasimama mbele ya Otis na kumsoma ubavu mzima bila haraka. Kisha akamuuliza Emmett mbwa huyu amefunzwa kazi gani.

"Anafariji," Emmett alisema.

"Hata brandi yangu inafariji," Gus alisema. "Nakuuliza kazi. Yule wa kipofu anamwongoza kipofu. Yule wa mwenye kifafa anamwonya kabla hajaanguka. Hao nawakaribisha, tena nawapa maji. Huyu wako kazi yake nini?"

Emmett akaonyesha kitambulisho. Gus akakiangalia, akakirudisha kwa upole kwenye shingo ya mwenyewe, akasema picha imetoka vizuri lakini mbwa atoke nje. Mbwa wa faraja ni mambo ya nyumbani, wakamalizane na mwenye nyumba wao, alisema. Hapa ni mahali pa chakula, na mkaguzi wa afya akimkuta mbwa chini ya meza hataangalia kizibao. Watu waliokuwa karibu wakacheka. Mama mmoja akamwomba Gus amwache babu wa watu, na Otis, ambaye hajawahi kuona aibu maishani mwake, akajilaza chali katikati ya njia.

Tessa aliona aibu kwa niaba yao wote watatu. Alichukua kamba mkononi mwa Emmett, akamwinua Otis, akatoka nje.

Sasa msomaji aelewe jambo moja, asije akamwona Tessa mkali bure. Tessa Wojcik alikuwa mpangaji wa ghorofa ya tatu katika jengo la fleti la mama yake Emmett. Emmett ndiye msimamizi wa jengo hilo, na mwaka mmoja nyuma alikuja kutengeneza bomba la jikoni kwa Tessa, akasahau bisibisi, akairudia, akaisahau tena. Mapenzi yao yalianzia hapo. Kuhusu kazi ya Tessa, Emmett alijua kwamba alikuwa akipokea simu za dharura, kwamba simu moja ilimvunja, na kwamba baada ya simu hiyo alihamishiwa ofisi ya mafaili. Kilichosemwa kwenye simu hiyo hakukijua. Alijua tu kwamba Tessa hapendi kunong'onezwa. Siku moja katika sinema alimnong'oneza sikioni neno la mapenzi, Tessa akainuka, akatoka, na Emmett akamkuta amekaa ngazini anatetemeka.

Otis alikuja Januari. Usiku Tessa akishtuka, mbwa huyo alijilaza juu ya miguu yake kwa uzito wake wote, na uzito ule ulimrudisha duniani mahali ambapo dawa zilishindwa. Mkataba wa pango ulikataza wanyama. Emmett akasema atafumba macho mpaka karatasi zipatikane. Lakini mama yake, Bi Lorraine, anakaa ghorofa ya pili, na haikupita muda akasikia kucha zikitembea juu ya dari yake. Akaandika notisi: mwisho wa mwezi, ama mbwa aondoke ama mpangaji.

Basi Tessa alikwenda kwa daktari wake wa saikolojia, maana sheria ya makazi ipo, na inasema mtu mwenye hali kama yake anaweza kuruhusiwa kukaa na mnyama wa faraja hata mahali palipokatazwa wanyama, mradi mtaalamu anayemjua athibitishe. Daktari hakukataa, ila hakukubali kuandika kwa haraka. Alitaka wakutane tena, na tena, aandike kitu anachokiamini. Wiki zikaenda. Leo ndiyo barua ilikuwa tayari.

Na leo ndiyo Otis alikuwa na kizibao.

Walisimama kando ya gari la Emmett, pikapu yenye ngazi na makopo ya rangi nyuma. Baridi ya Machi ilikuwa bado inauma masikio.

"Hiki kitu umekipata wapi?" Tessa aliuliza.

Emmett akaeleza, sasa kwa sauti iliyopungua majigambo. Kwenye mtandao. Kuna kampuni inasajili wanyama wa faraja nchi nzima. Unajibu maswali, unatuma picha, unalipa, wanakuletea cheti chenye muhuri wa dhahabu, kitambulisho na kizibao. Alitaka kumshangaza. Alichoka kumwona anangoja.

"Emmett, hakuna usajili wa nchi nzima. Haupo. Hakuna daftari popote lenye jina la Otis. Wamekuuzia nguo."

"Wana muhuri, Tess."

"Hata mimi naweza kuchonga muhuri. Maswali uliyajibu kwa jina la nani?"

Emmett aliinama kumkuna Otis nyuma ya sikio, na Tessa aliijua ile tabia; alimwona akiifanya kila mpangaji alipomuuliza lini lifti itatengenezwa.

"La kwako," alisema.

"Yaani ulijaza kwamba mimi naumwa nini?"

"Niliweka alama kwenye kila kitu," Emmett alisema. "Wasiwasi, huzuni, kukosa usingizi, hofu ya kupanda ndege. Sikujua lipi ni lipi. Ningejuaje? Hujawahi kuniambia."

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli na kwa sababu halikuwa wakati wake. Akamwambia kwamba basi wakivue hicho kizibao, wakitupe, na Jumatatu atampelekea Bi Lorraine barua ya kweli, yaishe. Alikuwa anafungua mkoba amwonyeshe. Alipoinua macho, alimwona Emmett akiwa na uso wa mtu aliyekanyaga kitu.

"Mama anacho tayari," Emmett alisema. "Cheti. Nilimpa Jumatano."

"Ukamwambia kimetoka kwako?"

"Niliweka tu kwenye sanduku lake la barua. Na jina lako juu."

Tessa alitaka kupiga kelele, alitaka pia kucheka. Miezi yote hiyo alikuwa ametembea katika njia iliyonyooka, njia ya wapole wanaojaza kila kitu sawasawa na kungoja zamu yao, na mtu aliyempenda kuliko wote alikuwa amepita nyuma yake akamtia matope. Mbaya zaidi ni kwamba alifanya kwa mapenzi. Angekuwa adui, angemchukia na kupumzika.

Kipaza sauti cha baa kikakwaruza. "Radtke. Watu watatu. Radtke, meza ya dirishani."

"Watatu?" Tessa aliuliza.

"Nilimwalika Mama," Emmett alisema kwa unyonge. "Nilidhani tutakula, atamwona Otis ana kitambulisho, atacheka, yataisha."

Na Bi Lorraine Radtke alikuwa tayari anavuka maegesho, koti la sufu limefungwa vifungo vyote, mkoba mkononi, viatu vya mpira kwa ajili ya matope ya theluji. Alimtazama mwanawe, akamtazama Tessa, akamtazama Otis na nguo yake nyekundu. Hakucheka.

Otis alifungiwa ndani ya pikapu, dirisha likiachwa wazi kidogo. Kutoka meza ya dirishani Tessa aliweza kumwona amekaa kwenye kiti cha dereva, kizibao mwilini, akiwatazama kwa subira ya mtu anayelipwa kwa saa.

Samaki waliletwa, na chapati za viazi, na rojo ya matufaa, na mkate mweusi. Bi Lorraine alikula kwanza. Alikuwa mwanamke wa kumaliza jambo moja kabla ya kuanza jingine. Alipofuta vidole, alisema amefurahi wamekutana, maana alikuwa na neno la kumwambia Tessa na hapendi kuwasema watu mgongoni.

Alisema wakili wake alikiangalia kile cheti na hakuhitaji hata kuvaa miwani. Karatasi za namna ile anazijua. Na yeye mwenyewe anazijua, kwa sababu alishawahi kuwa na mpangaji mwenye cheti cha namna hiyohiyo, cha kasuku wa faraja. Alimkubalia. Kumbe kasuku walikuwa watano, na mmoja wao alimtukana kila aliyepita ngazini, padri akiwemo.

"Nilikuwa nakupenda, Tessa," alisema. "Ulilipa kodi kwa wakati. Hukupiga muziki. Nilisema hata huyu mwanangu akiamua kukuoa, haya. Lakini uniletee uongo, tena wenye muhuri wa dhahabu? Ungekuja ukagonga mlango ukasema, Bi Lorraine, nina shida."

Tessa alihisi uso wake ukiwaka. Alimgeukia Emmett. Neno lilikuwa moja tu, na lilikuwa lake kulisema, si la Tessa. Alimtazama kwa macho ya mtu anayenyoosha mkono akitaka kuvutwa kutoka majini. Emmett alimtazama pia, sekunde moja, macho yale ya kijivu aliyoyapenda tangu siku ya bisibisi. Kisha akateremsha macho, akaanza kumtenganisha samaki na mifupa, na samaki yule hakuwa na mifupa.

Tessa angeweza kumsema. Ilikuwa rahisi: kile cheti si changu, muulize mwanao. Lakini hakutaka kuwa mwanamke anayemshtaki mtu kwa mama yake mezani. Akafungua mkoba, akatoa bahasha, akaiweka mbele ya Bi Lorraine karibu na rojo ya matufaa.

"Hii ndiyo barua yangu," alisema. "Imetoka kwa daktari wangu. Ina jina lake na namba ya leseni yake. Wakili wako athibitishe."

Bi Lorraine aliisoma polepole. Tessa alijua kila neno lililomo, kwa sababu aliisoma kwenye basi mchana na kulia. Ilisema kwamba Tessa Wojcik ni mgonjwa wake, kwamba ana hali ambayo sheria inaihesabu kuwa ulemavu, na kwamba mbwa huyu anampunguzia athari zake. Basi. Neno lile, ulemavu, lilimkaa vibaya. Ili akae nyumbani kwake na mbwa mzee ilimbidi akubali kuitwa hivyo kwenye karatasi rasmi. Alilikubali. Alidhani kukubali ndiko kungekuwa mwisho wa mateso.

"Haisemi unaumwa nini," Bi Lorraine alisema.

"Hailazimiki kusema."

"Cheti cha kwanza kilisema hofu ya kupanda ndege."

"Bi Lorraine, mimi..."

"Sikiliza, mwanangu." Sauti yake ililainika, na ulaini ule ulikuwa mgumu kuuvumilia kuliko ukali. "Mimi si mtu mbaya. Mume wangu alipokufa sikutoka chumbani msimu mzima. Niambie tu una nini. Hapa, sisi watatu. Nikielewa, mbwa atabaki, na wakili hatutamhitaji. Naomba kitu kidogo sana."

Kwa Bi Lorraine kilikuwa kidogo. Alikuwa akitoa kwa moyo safi, hilo Tessa aliliona, na ndiyo maana alishindwa kukasirika kama alivyotaka. Kile alichoombwa hakuwahi kukitoa nje ya chumba cha daktari. Hakumwambia dada yake. Hakumwambia mwanamume aliyelala naye kitanda kimoja. Sasa akitoe juu ya meza ya samaki, kiwe kodi ya mlango?

Emmett akamsogelea. Akainamisha kichwa mpaka mdomo ukagusa nywele za Tessa, na akanong'ona, "Mwambie tu, Tess. Yaishe."

Alisahau. Mwaka mzima wa kukumbuka, akasahau kwa neno moja. Pumzi yake iliingia sikioni mwa Tessa, na baa yote ikaenda mbali, vyombo, vicheko, kipaza sauti. Kiti kikaanguka nyuma yake. Alikuwa amesimama bila kujua amesimama vipi.

"Ningetaka kusema," alisema, akimtazama Emmett tu, "ningekuambia wewe kwanza."

Akatoka.

Nje alikwenda moja kwa moja kwenye pikapu. Otis alikuwa amesimama juu ya kiti, mkia unapiga usukani, honi ikilia kila mara ulipoigonga. Tessa akashika mlango. Umefungwa. Akazunguka upande wa pili. Umefungwa. Funguo zilikuwa mfukoni mwa Emmett, na Emmett alikuwa ndani na samaki wake.

Huko ndiko alikolia, si kwa huzuni bali kwa hasira, paji la uso juu ya kioo chenye baridi, Otis akilamba upande wa ndani kwa bidii. Hata kuondoka kwa heshima alinyimwa. Alifikiria kutembea. Alifikiria kuvunja kioo kwa moja ya makopo ya rangi. Alifikiria kuhama, kurudi kwa dada yake katika mji wa Racine kulala kwenye kochi na mbwa miguuni, na kutomwona tena mwanamume huyu mwenye bisibisi. Wazo la mwisho lilimuuma kuliko yote, na kuumia huko nako kukamkasirisha. Akafuta uso kwa mkono wa koti, akarudi ndani kudai funguo.

Emmett alikuwa amempa mgongo. Kiti cha Tessa kilikuwa kimeinuliwa, na bahasha ilikuwa bado mezani. Tessa alifika nyuma yake, mkono ameshaunyoosha, akamsikia.

"...nilikinunua mimi, Mama. Kile cheti. Maswali niliyajibu mimi. Yeye hakukijua mpaka leo hapa mlangoni."

"Na ulikaa kimya nikimwita mwongo."

"Nilikaa kimya. Niliona haya." Sauti yake ilikuwa nzito, wala hakuishusha ili meza za jirani zisisikie. "Na hiyo barua ni ya kweli. Inatosha jinsi ilivyo. Huruhusiwi kumuuliza anaumwa nini. Wakili atakuambia hivyohivyo Jumatatu."

"Mimi nauliza kama mama yako, si kama mwenye nyumba. Wewe unajua ana nini?"

"Sijui."

"Mwaka mzima, hujui?"

"Sijui," Emmett alisema. "Nimemuuliza kila mara kama mtu anayedai deni. Nikajiambia nampenda, kwa hiyo ana wajibu wa kuniambia. Leo nimemwona akisimama pale. Sitamuuliza tena, Mama. Asiponiambia mpaka tunazeeka, basi. Na wewe usimuulize."

Bi Lorraine alikuwa anamtazama Tessa. Emmett akageuka, akamwona, na uso wake ukawa mwekundu kuliko kizibao.

Kisha Bi Lorraine akaikunja barua kwa mikunjo yake ileile, akaitia kwenye bahasha, na bahasha akaitia kwenye mkoba wake mwenyewe.

"Wakili ataisoma Jumatatu," alisema. "Na nikiona kwamba ngazi imechafuliwa au mlango umekwaruzwa, utalipia."

"Hiyo ni haki yako," Tessa alisema.

"Na amana ya kuweka mnyama?"

"Hiyo si haki yako. Huyu hahesabiwi mnyama wa kufugwa."

Bi Lorraine akamtazama sana, kama mtu anayepima bei ya kitu ambacho alikidharau dukani. "Wewe," alimwambia mwanawe bila kumgeukia, "Jumatatu utakwenda kwa wakili mwenyewe, kwa miguu yako, ukamwambie aliyeleta ule upuuzi ni nani. Nilimchafua msichana wa watu mbele ya wakili." Akavuta sahani ya Emmett, ambayo haikuliwa kitu, na kuanza kula chapati zake za viazi. "Nendeni. Mbwa anapiga honi."

Hakuomba msamaha. Bi Lorraine hakuwa mtu wa kuomba msamaha Ijumaa moja, na Tessa alijua kwamba Jumatatu inaweza kuja na maswali mengine, na wakili mwingine, na dari inayogongwa kwa mpini wa ufagio. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hakujali.

Garini Otis aliwapisha kwa shida, akakaa katikati yao. Emmett hakuliwasha gari. Alifungua vifungo vya kile kizibao kimoja kimoja, akakivua, akakitoa na kitambulisho, akavitupa nyuma kwenye makopo ya rangi. Otis akajitikisa mwili mzima na kupiga chafya.

"Bado nimekukasirikia," Tessa alisema.

"Najua."

"Ulinitupa pale mezani. Nilikutazama ukachambua samaki."

"Najua, Tess."

"Usiseme najua. Inaniudhi."

Akanyamaza. Huo ulikuwa unyamavu mwingine, si ule wa mezani. Hakumgusa, hakumtazama, hakuhema kwa namna ya kumwonyesha kwamba anangoja. Alikaa tu, mikono juu ya usukani, taa za baa ya Gus zikimwangaza shavu moja. Tessa alimwangalia, mtu huyu mpumbavu aliyeweka alama kwenye magonjwa yote duniani ili yeye asiondoke, na hasira yake ikabaki palepale, na mapenzi nayo yakabaki palepale, na akaona kwamba itambidi aishi navyo vyote viwili.

Emmett akaingiza ufunguo.

"Usiwashe kwanza," Tessa alisema.

Akautoa. Otis alikuwa ameshajilaza, kifua chake chote juu ya miguu ya Tessa, mzito, wa moto, ananuka manyoya yenye unyevu. Tessa akatia vidole katika shingo yake. Ilimchukua muda. Mtu na mkewe walitoka baa, wakatafuta gari lao, wakaondoka.

"Alikuwa mwanamke," alisema hatimaye. "Alinipigia amejificha, kuna mtu anamtafuta mle ndani, na alikuwa ananong'ona. Sikuwa nasikia vizuri."

Vidole vyake vikazama zaidi katika manyoya ya Otis.

"Mimi nikamwambia apaze sauti."

Emmett hakuuliza ikawaje. Alinyoosha mkono juu ya mgongo wa mbwa, kiganja wazi, akauacha hapo, na baada ya kitambo kirefu Tessa akaushika.